Masikio ya Mitumba

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu aliniwekea kiganjani kitu kigumu cha rangi ya waridi iliyopauka, kimepindapinda, kidogo kuliko kokwa la embe changa. Akanitaka niseme ni nini. Nikasema jino. Akasema hapana. Nikasema basi ni gololi iliyoungua. Akaniambia kwamba lile lilikuwa sikio la mzungu mmoja aliyekwisha rudi kwao, na kwamba kabla ya saa sita mchana nilipaswa niwe nimelisafisha kwa maji ya uvuguvugu na mswaki mpaka liwe halina nta ya mwenyewe hata chembe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, na nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani kwa sababu nilimwambia mama yangu kwamba nimepata kazi ya ofisini.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Musoma mjini, chenye meza mbili na harufu ya risasi ya kuchomelea. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Fundi Mkuu alikuwa fundi wa redio, na kabla ya hapo alikuwa fundi umeme kwenye machimbo ya dhahabu ya Kiabakari, ambako mitambo ya kusaga mawe ilimwachia sikio moja tu linalofanya kazi. Wenzake wengi walitoka kule hawana hata hilo moja. Ndio waliomfanya aanze biashara hii. Alikuwa ameona wageni wakivaa mashine za kusikilizia, na alipogundua kwamba wakirudi kwao au wakifa mashine zile hubaki kwenye droo, akaanza kuzinunua, kuzitengeneza na kuziuza upya kwa watu wetu. Mimi alinichukua kwa sababu baba yangu ni Mjita wa Murangi na mama yangu ni Mzanaki wa upande wa Butiama, kwa hiyo nilikuwa na Kiswahili na lugha mbili za nyumbani kwa mshahara mmoja.

Ninyi vijana mnaoziona mashine za siku hizi, ndogo kama punje ya maharage, hamwezi kuijua kazi yetu nisipowaeleza. Mashine ya wakati ule ilikuwa kijisanduku cha kutosha mfuko wa shati. Ndani yake mlikuwa na maikrofoni ya kupokea sauti, na pembeni palikuwa na gurudumu dogo la kuongeza na kupunguza. Kutoka kwenye kijisanduku ulipanda waya mwembamba mpaka kwenye kitufe kinachotoa sauti, na kitufe hicho kilishikizwa kwenye kizibo, ndicho kile nilichokiita jino. Kizibo ndicho kinachoingia sikioni, nacho hutengenezwa kwa sikio la mtu mmoja tu. Ukimpa mtu kizibo cha mwenzake hakikai sawasawa, sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, na mashine inapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani wanaitika.

Kwa hiyo sanduku tuliuza la mtumba, lakini kizibo ilibidi kiwe kipya. Tulikuwa tunaingiza kwanza pamba iliyofungwa uzi ndani ya sikio, ili nta isipite kwenda mbali, halafu tunajaza nta ya nyuki iliyolainishwa. Mteja alitakiwa akae dakika kumi bila kutafuna wala kucheka. Mnawajua wazee wa Mara. Ukimkataza kucheka, hapo ndipo anakumbuka vituko vyote vya ujana wake. Nta ikishika umbo tuliipeleka kwa bwana mmoja aliyekuwa akitengeneza meno ya bandia, naye alitufinyangia kizibo kwa plastiki ileile ya ufizi. Ndiyo maana masikio yetu yote yalikuwa na rangi ya waridi, hata kwenye vichwa vyeusi kama changu.

Kulikuwa na kazi ya kununua pia, ambayo ilihitaji adabu zaidi kuliko kuuza. Kwa wageni ilikuwa rahisi. Kwa watu wetu, mashine ya marehemu haikuulizwa mpaka matanga yaishe, na hata hapo hatukusema tumekuja kununua. Tulisema tumekuja kusalimu, tukanywa uji, tukasubiri mtu wa nyumba ile aitaje mwenyewe. Nyumba nyingine hawakuitaja, tukaaga tukaenda zetu.

Baada ya Azimio tulijiunga na wenzetu tukawa ushirika wa mafundi, na mimi nikapelekwa Bunda. Pale palikuwa na Msimamizi wa Bunda, zamani karani wa mizani ya pamba, mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya magunia hata ukikaa naye meza moja. Msimu wa pamba wakulima walikuja wengi, na mimi niliwakalisha mmoja mmoja nikiwauliza wameacha kusikia lini, sikio lipi, lilitoa usaha au halikutoa. Msimamizi alinitazama siku mbili. Siku ya tatu akanivuta kando.

"Binti, unawahojigi kama askari," akasema. "Muulize kitu kimoja tu. Anataka kumsikia nani?"

Nilidhani ananitania, lakini nikajaribu, na tangu siku hiyo sikuacha. Kwenye kadi ya kila mteja, chini ya jina na kijiji, niliandika ni nani anayetaka kumsikia. Mmoja alisema mke wake mdogo. Mwingine alisema ng'ombe wake, kwa sababu walikuwa wanaingia mahindi ya watu yeye amekaa hapohapo. Bibi mmoja alisema hataki kumsikia mtu yeyote ila kwaya. Ukijua hivyo, unajua umwekee mashine ipi, maana kuna zilizokamata vizuri sauti nyembamba na kuna zilizonguruma tu.

Mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya kupangwa, nilirudishwa Musoma kwa Fundi Mkuu, na hapo ndipo alipoingia Mzee Magoti. Alitoka kijiji kimoja kipya njia ya Butiama. Alikuwa mrefu, mtaratibu, amenyoosha shati lake kwa pasi, na alikuwa ameuza mtamba ili aje kwetu. Uziwi ulikuwa umempata akiwa bado na nguvu zake, baada ya homa, kabla hajaoza mtoto wa kiume hata mmoja. Mke wake ndiye aliyekuja naye kumsemea. Nilipomwuliza kwa ishara na kwa kupaza sauti ni nani anayetaka kumsikia, hakufikiri. Alisema nyumba yake. Nikataka anitajie mtu. Akarudia kwamba ni nyumba yake, yote.

Tulimfanyia vipimo vyote. Fundi Mkuu alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya mteja na saa yake ya mkononi, kisha kunong'ona, kisha kugonga sanduku la mbao kwa kidole. Mzee Magoti alisikia vyote. Alisikia hata kuku wa jirani, akageuka kumtafuta, na mke wake akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Waliondoka wameshikana mikono barabarani, jambo ambalo watu wa umri wao hawakulifanya.

Wiki mbili baadaye alirudi, akasema mashine imekufa. Fundi Mkuu aliifungua, hakuona kosa, akaijaribu naye tena, ikasikia. Mzee akaenda. Baada ya wiki tatu akarudi tena na neno lilelile. Mara hii tulimbadilishia waya na kitufe, akasikia saa, akasikia mnong'ono, akaenda. Mara ya tatu hakutaka kujaribiwa. Aliiweka mezani, akasema kwao haifanyi kazi, akatoka. Fundi Mkuu alikasirika, maana hakuwahi kushindwa na mashine. Aliniambia nichukue lori la asubuhi, niende nayo mpaka nyumbani kwa yule mzee, na nisirudi mpaka nijue inakufaje.

Nilishuka barabarani nikatembea mpaka kijijini. Mtakumbuka, au mtakuwa mmesoma, jinsi vijiji vile vilivyopangwa: nyumba kwa mistari, kila familia na kiwanja chake cha kipimo. Zamani mji wa mtu kama Mzee Magoti ulikuwa mpana, nyumba ya baba hapa, nyumba za wana kule ng'ambo ya zizi. Sasa jiko la mke wa mwanawe lilikuwa hatua kumi kutoka mlango wake.

Niliwasikia kabla sijawaona. Wanawake watatu, wake wa wanawe, walikuwa wanapika na kutwanga, na walikuwa wanachekana kwa sauti ya juu sana kuhusu mume wa mmojawapo na suruali yake mpya. Na hapo nje, karibu nao kabisa, Mzee Magoti alikuwa amekaa anachonga mpini wa jembe, anawatazama, na anatabasamu. Hakuwa anasikia neno. Alikuwa anaangalia tu wanavyoinama kwa kicheko, na uso wake ulikuwa umejaa raha ya kweli. Nilisimama kidogo kwenye uzio kwa sababu sikutaka kuivuruga picha ile.

Nikaingia, nikasalimu, nikampa mashine yake. Akaivaa, akaingiza kizibo, akazungusha gurudumu. Na papo hapo, kama redio iliyozimwa, jiko likanyamaza. Michi ikasimama. Wale wanawake wakainamisha vichwa kwenye sufuria zao.

Mzee akanigeukia. "Umeona?" akasema. "Imekufa tena."

Nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba haijafa, mbona mimi ananisikia. Akakubali kwamba ananisikia, na mke wake anamsikia, na wanawe wakiwepo anawasikia. Ila wale hapo, mashine haiwashiki. Alifikiri labda ni mashine ya sauti za kiume na sauti za wazee.

Mimi binti wa mama Mzanaki, niliyepaswa kujua, niliona aibu pale nilipoelewa. Niliomba maji ya kunywa ili niingie jikoni. Mkubwa wa wale wanawake, jina lake Nyabwire, alinivuta nyuma ya mlango na kuninong'oneza.

"Sisi hatuongeagi mbele ya baba mkwe, dada. Zamani alikuwa hasikii, haikuwaga na shida. Sasa anavaa hicho kitu, tufanyeje?"

Kwa ukoo ule, mke wa mwana hakutoa sauti mbele ya baba wa mumewe mpaka yule baba ampe mbuzi, wakimwita mbuzi wa kufungua mdomo. Alikuwa akitolewa katika miezi ya kwanza ya ndoa, na baada ya hapo heshima inabaki lakini watu wanaongea. Sasa Mzee Magoti alikuwa kiziwi tayari wakati Nyabwire anaolewa. Hakuna aliyeona sababu ya kumfungulia mdomo mtu atakayeongea na mtu asiyesikia. Nyabwire alikuwa amekaa miaka kumi na moja katika mji ule, wenzake miaka saba na minne, na hakuna aliyepewa mbuzi. Na hawakuweza kuomba, kwa sababu ukishaomba umeshaongea.

Nilitoka nikamweleza mzee. Nilijua navuka mpaka. Mimi ni muuzaji, tena msichana, na mambo ya mji wa mtu hayakunihusu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mkono umeshika mpini wa jembe. Kisha akachomoa kizibo sikioni, akauzungusha waya taratibu kwenye kijisanduku, akaninyooshea.

"Nilinunua hii nisikie nyumba yangu," akasema. "Zamani nilikuwaga nawaona wakicheka. Sasa hata kuwaona nimenyimwa. Chukua kitu chako, binti, wacha wacheke."

Kwa kanuni zetu nilipaswa kuipokea mashine na kuandika kwenye kadi kwamba imerudi. Nilibaki nimeishika, na moyo uliniuma sana, kwa sababu mtu huyu alikuwa anauacha usikivu wake kwa hiari ili watu wake wasinyamaze, na hakuna hata mmoja wao aliyetaka kunyamaza. Mke wake alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono, akaichukua mashine kwangu, akamrudishia mumewe sikioni yeye mwenyewe, bila upole mwingi, kisha akamwambia akafungue mbuzi.

Mzee akauliza, "Wote watatu?"

"Kwani una wakwe wangapi?"

Akaenda zizini. Alirudi na mbuzi watatu, mmoja akiwa mkaidi kwelikweli, na akaweka kamba kwenye mkono wa kila mwanamke, akianzia kwa Nyabwire. Majirani walikuwa wamekwisha jaa kwenye uzio. Katika vijiji vile hakuna jambo lililokuwa la watu wachache. Kamba zikashikwa. Kila mmoja alimwachia mwenzake aanze. Miaka kumi na moja ya kunyamaza haiishi kwa sababu mbuzi amefika. Niliona gurudumu la mashine likizungushwa na kidole cha mzee, kidogo kidogo, mpaka mwisho.

Nyabwire akapiga magoti, kamba mkononi, macho chini.

"Baba," akasema, "jiko langu linavuja. Tangu tuhamie hapa linavujaga."

Mzee Magoti akamwomba arudie. Nina hakika alikuwa amesikia. Nyabwire akarudia kwa sauti kubwa zaidi, na alipoona mbingu haijaanguka, akaongeza kwamba jiko la wa pili nalo linavuja, na kwamba fundi aliyelipaua alikuwa ni mwana wa mzee mwenyewe, ndiye mwenye suruali mpya. Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka kizibo kikalegea na mashine ikapiga mluzi, na wanawake watatu wakacheka na mluzi. Mimi nililia palepale mbele za watu, na wala sioni haya kusema.

Niliporudi Musoma, Fundi Mkuu alisikiliza taarifa yangu yote, kisha akauliza kama kuanzia sasa tutauza mashine pamoja na mbuzi. Lakini ni yeye aliyeagiza kwamba kila mzee mwenye wana waliooa aulizwe kama wakwe zake wamefunguliwa mdomo, na kama bado, aanze na hilo kabla hajaanza na sisi. Tuliuza mashine chache kidogo mwaka ule. Zilizorudi pia zilipungua.

Baadaye nilipewa kusimamia chumba chetu cha Butiama, na huko ndiko nilikokaa mpaka nikastaafu. Leo naishi Bweri kwa mwanangu, kwenye nyumba mpya kati ya nyumba mpya, na wakwe zangu wananijibu kabla sijamaliza kuuliza. Mashine sasa zinatoka hospitali, zimefungwa kwenye boksi, pamoja na karatasi ya maelezo. Ni nzuri kuliko zetu, sibishani na mtu. Ila vijana wanaozigawa huuliza umri na kipimo cha sikio, hawaulizi unataka kumsikia nani, na hilo naliona ni pengo. Nikikaa barazani nikiipitia kazi yangu, siku za mauzo mazuri zimenitoka karibu zote. Ninayoikumbuka ni siku ambayo sikuuza kitu.

Ilikuwa baada ya vita, bidhaa zimeadimika, betri ndogo kama zetu hazipatikani hata kwa kujuana. Nyabwire aliingia chumbani kwangu Butiama, vumbi mpaka magotini. Mzee Magoti alikuwa kitandani, hawezi kula tena, na betri yake ya mwisho ilikuwa inafifia. Nikamwuliza kama mganga amemwona. Akasema amemwona, na kwamba hakuja kwa ajili ya dawa.

"Hatujamaliza kuongea naye," akasema.

Nilikuwa na betri mpya moja tu, imo ndani ya mashine iliyokwisha lipiwa, mwenyewe akiisubiri. Niliitoa nikampa. Mwenye mashine alinigombeza wiki nzima, na alikuwa na haki. Nilimwelekeza Nyabwire kama nilivyowaelekeza wote, kwamba wakizima mzee anapolala, betri ile itawachukua wiki mbili. Akaifunga kwenye ncha ya kanga akaondoka.

Mzee alifariki siku ya nane. Nilikwenda baada ya matanga, nikasalimu, nikanywa uji, sikutaja mashine. Nyabwire ndiye aliyeileta mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa safi, akasema baba mkwe aliagiza ipewe mwingine. Niliporudi chumbani kwangu niliitoa ile betri nikaipima, kama nilivyopima kila kitu kilichorudi. Ilikuwa imekwisha kabisa. Hawakuizima hata mara moja.